Akifa rafiki wa utotoni, andika mapema

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alipofariki, pole zote zilikwenda kwa mjane, watoto na ndugu zake. Ni haki yao. Lakini mimi niliyemjua tangu hajang'oa jino la kwanza la utoto nilikuwa naulizwa, "Na wewe ni nani wake?" Kenneth Doka, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haiitambui kwa kuwa aliyefiwa si wa damu wala wa ndoa. Ukijikuta hapo, usingoje ruhusa ya mtu. Lia.

Kilichonishangaza baadaye ni kingine: nusu ya utoto wangu ilikuwa kichwani mwake. Yeye alishika majina na mahali, mimi nilishika maneno na vichekesho. Mmoja akianza kisa, mwenzake anakimalizia. Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1985 kwamba watu wa karibu hugawana kazi ya kukumbuka bila hata kukubaliana; kila mmoja hutunza lake na kumtegemea mwenzake kwa lililobaki. Sasa ninaanza visa na hakuna wa kuvimalizia.

Ndiyo maana nasema andika, tena mapema. Siyo hotuba ya kumsifu. Vipande tu, hata sentensi moja kwenye simu ukiwa safarini. Weka na ugomvi wenu humo. Marehemu husifiwa mpaka akageuka mtu mwingine, na huyu wangu alikuwa mbishi, mwepesi wa kununa, na hakuna mchezo ambao hakuiba. Nikiyafuta hayo nitabaki namlilia mtu nisiyemjua. Halafu kumbukumbu yenyewe haitulii: Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Uingereza, alionyesha mwaka 1932 kwamba tunaposimulia jambo tena na tena huwa tunalijenga upya, tukipunguza hapa na kuongeza pale. Cha mwezi huu kiandike mwezi huu.

Nakili jumbe za sauti za rafiki yako mahali pengine kabla hujabadilisha simu. Si lazima uzisikilize. Mimi mwenyewe bado sijathubutu.

Kisha kuna watoto wake. Wao wanamjua baba. Yule mtoto aliyepanda miti bila viatu hawakuwahi kukutana naye. Waulize kwanza kama wako tayari kusikia, maana wengine huhitaji muda, na usiwamwagie yote kwa mkupuo. Binti yake mkubwa ndiye anayenipigia siku hizi na maswali. Nisiyoyajua namwelekeza kwa wenzetu tuliosoma nao darasa moja, na mmoja wao amemtajia jina la mbwa tuliyemfuga kwa siri. Mimi nilikuwa nimeshamsahau hata huyo mbwa, nami nikaliandika.