Waanze na gati

Swali lenu la wiki: klabu ya jamii ya kupiga makasia ikipata ruzuku ya kuboresha mahali pake, fedha zianzie wapi? Mimi nasema zianzie kwenye gati, na liwe gati la kuelea. Ukumbi usubiri, na mashua mpya nazo zisubiri.

Najua nitaambiwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya klabu ya namna hiyo, na methali hiyo ilishinda kila kikao. Mashua mpya inapigika picha. Mfadhili anaandikwa jina ubavuni, watu wanapiga makofi, kisha chombo kinalala bandani wiki nzima kwa sababu kukifikisha majini ni mtihani.

Asiyewahi kuibeba mashua ya watu wanane hudhani shida ni uzito. Sivyo. Kwa kanuni za mashindano haitakiwi kupungua kilo 96 bila makasia yake. Gawanya kwa wabebaji wanane, kila mmoja anapata kilo 12, kama ndoo ya maji. Shida ni urefu, mita 17 hivi, na gamba jembamba la nyuzi za kaboni lisilosamehe jiwe wala nguzo. Siku moja maji yamekupwa, tukawa tunaishusha kwenye ngazi za mawe zilizoota mwani. Mwenzetu wa mbele akateleza, omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, ikagonga. Yeye alichubuka goti tu, lakini mashua ilikaa kwa fundi msimu mzima.

Gati la kuelea hupanda na kushuka na maji, kwa hiyo kimo chake juu ya maji hakibadiliki. Liwe fupi, chini ya shibiri moja kutoka usawa wa maji, ili vyuma vya pembeni vinavyoshika makasia vipite juu yake na mtu aingie kwa hatua moja. Gati lililojengwa kwa ajili ya mashua za injini halifai hata kidogo. Unaingia chomboni kama anayetorokea dirishani. Kijana hatajali. Mtu wa miaka 65 atajaribu mara moja, na hutamwona tena.

Na huyo ndiye jamii yenyewe, kama neno “jamii” lililo kwenye jina la klabu lina maana. Makasia yamo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu Beijing 2008, na wapo wanaoshindana kwa nguvu za mikono na mabega peke yake, wameketi kwenye kiti kisichosogea. Mashua zao zinatengenezwa na zinauzwa. Kinachowazuia kwenye klabu ndogo ni mteremko mkali kati ya banda na maji, ambao kiti cha magurudumu hakiwezi kuushuka. Kwa hiyo ninaposema gati, nahesabu na njia ya kulifikia: pana, isiyoteleza, yenye mteremko wa taratibu.

Baada ya hapo, vyumba vya kubadilishia nguo. Wanawake waliruhusiwa kushindana kwa makasia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1976, kule Montreal, na kuna mabanda ambayo hadi leo yanafikiri ni 1975: chumba kimoja, mlango usiofungwa, na wasichana wanakingiana taulo nyuma ya rafu za mashua. Rafu zenyewe, bomba la maji baridi la kusuuzia chumvi na paa la kuzuia jua ni vitu vidogo. Viingie tu kwenye bajeti bila mjadala.

Wapo watakaonipinga kwa mashua za pwani, zile pana zinazosukumwa moja kwa moja kutoka mchangani, ambazo mbio zake zinaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028. Hapo nakubali. Klabu yenye ufuo mzuri wa mchanga inaweza kusahau gati na kuniacha nisome majibu ya wengine.

Jambo moja la makaratasi. Ruzuku nyingi hujenga, lakini hazitunzi. Minyororo ya gati huliwa na kutu, maboya hupasuka, na mwaka wa tano mfadhili hayupo. Fungu la matengenezo litengwe kabla ya saini, na haki ya kutumia ukingo ule iwe imeandikwa, kwa miaka mingi, si ahadi ya mdomo ya mwenye eneo.

Kamati ikiendelea kubishana, ningeipa zoezi. Wajumbe wanane, mwenyekiti akiwemo, waitoe mashua ndefu kuliko zote bandani alfajiri maji yakiwa yamekupwa, waifikishe majini, waingie, watoke, wairudishe. Katibu awafuate na daftari, aandike kila mahali waliposimama kuvuta pumzi au kugombana.