Meza za sebuleni: lazima ziwe sare? Maswali yenu na majibu

Safari hii karibu maswali yote yaliyonifikia yanahusu meza: ile kubwa ya katikati na stuli zake za pembeni. Nimechagua sita, yote ya Tanga mjini, na moja kati yake linahusu kasha la Pangani.

Dada, nimeolewa mwaka huu, tunaishi Makorora. Meza ya katikati tumepewa na kaka zangu, ni ya mtiki, miguu minene. Stuli nne zimetoka upande wa mume wangu, nyeusi na zina vioo juu. Mama mkwe anasema sebule isiyo na seti ni ya kuungaunga. Nizibadilishe?

Hongera kwa ndoa, mwanangu. Usibadilishe kitu.

Mama mkwe hajakosea kupenda seti. Mafundi wetu wengi huuza meza kubwa pamoja na stuli nne au sita kwa mara moja, kwa hiyo macho yetu yamezoea hivyo. Na kuna sebule zinazozihitaji kweli. Ukiwa na sofa la maua, pazia la maua mengine na zulia la rangi tano, meza za sare zinatuliza chumba. Lakini pale ambapo sofa ni la rangi moja na kuta ni nyeupe, seti nzima ya kufanana hukifanya chumba kionekane kama duka la samani, na hakuna anayejua ni cha nani.

Ninachokiangalia mimi ni kama meza hizo zina undugu. Ndugu hawafanani sura yote, ila kuna kitu kimoja ukikiona unajua ni wa nyumba moja. Kwa meza, kitu hicho huwa kimo, rangi au umbo. Kimoja kinatosha. Ukikosa vyote vitatu, hapo ndipo panapoonekana pa kuungaunga.

Anza na kimo, chukua tepu. Meza ya katikati isizidi kimo cha pale unapokalia kwenye sofa, yaani inchi 16 hadi 18 kwa masofa mengi. Pungufu kidogo si neno. Stuli ya ubavuni ikaribie kimo cha mkono wa sofa, inchi 22 hadi 24, ili mgeni aweke kikombe bila kuinama wala kunyanyua bega. Stuli zako ni nne za namna moja, kwa hiyo hizo tayari zinaelewana zenyewe kwa zenyewe. Weka mbili kwenye ncha za sofa kubwa na mbili zilizobaki karibu na viti vya mmoja mmoja, mbali na meza ya mtiki.

Kisha ugawe rangi. Juu ya meza ya mtiki weka sinia jeusi au kitu chochote cheusi, na ukutani tundika picha mbili tatu zenye fremu nyeusi. Stuli zile zitaacha kuonekana wageni. Ila nakuomba sana, asije fundi akakushauri kuupaka mtiki rangi nyeusi ili ufanane. Mbao ile, labda ya hapo Muheza kwenye mashamba ya Longuza, itakaa na wewe mpaka wajukuu. Kaka zako wamekupa kitu cha maana.

Meza ya marehemu bibi ni ya mninga. Fundi wa hapa Ngamiani anasema atanichongea stuli mbili za mninga huohuo na rangi itakuwa ileile. Nimwamini?

Mwamini kwa kuchonga. Kwa rangi, sidhani.

Mbao hubadilika rangi kwa mwanga na miaka. Mvule ndio unaoonyesha wazi kuliko zote: ukitoka kiwandani una umanjano, baada ya muda unakuwa kahawia iliyokolea. Mninga nao hauna rangi moja. Gogo moja linaweza kuwa na kahawia iliyopauka, mistari ya wekundu na mabaka meusi, na gogo la jirani yake likawa jingine kabisa. Meza ya bibi imekaa kwenye mwanga miaka mingi na juu yake kuna tabaka za vanishi zilizozeeka. Fundi atachanganya rangi, atajaribu, atakaribia. Shida iko hapo kwenye kukaribia.

Kitu kilichokaribia kufanana huonekana kama kosa. Anayeingia anaona meza na stuli, anahisi zilitakiwa zilingane na hazikulingana, na jicho linabaki hapo. Stuli za mbao nyingine kabisa hazileti tatizo hilo, maana kila mtu anaona ulikusudia. Kwa hiyo una njia mbili nzuri. Ya kwanza, mpe fundi meza ya bibi na stuli mpya kwa pamoja, vyote vipigwe msasa mpaka mbao tupu na kupakwa upya. Rangi zitakaribiana sana, lakini utapoteza ule uzee wa meza. Mimi nisingeufuta. Ya pili, ambayo ningeifanya, chonga stuli za mtiki au uzifanye za miguu ya chuma, halafu uige umbo: kama miguu ya meza ya bibi imechongwa mviringo, na ya stuli iwe mviringo, kama kona ni za duara, nazo ziwe hivyo.

Ukibaki na mninga, kagua mbao kabla haijapigwa randa. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo hupendwa sana na dumuzi. Mafundi wengine huiacha kisha wanaifunika kwa rangi, na baada ya muda unaanza kuona unga mwembamba chini ya stuli. Mwambie aikate yote. Halafu uliza mbao imekauka muda gani. Sifa ya mninga ni kwamba ukishakauka hauchezi sana, na kwa hewa yetu ya pwani hilo ni jambo kubwa. Lakini mbao mbichi ni mbichi, hata ikiwa mninga; itajikunja na maungio yatafunguka.

Tumepanga Mabawa. Sebule ni futi 10 kwa 11, tuna sofa la watu watatu na kabati la TV. Mume wangu anataka meza kubwa na stuli zake nne.

Tupige hesabu pamoja naye. Upana ni futi 10. Sofa linakula futi 3 kwenda mbele, kabati la TV futi 1 na nusu. Zinabaki futi 5 na nusu. Kati ya sofa na meza unahitaji kama futi 1 na nusu ili magoti yapite na mtu aweze kusimama. Meza yenyewe yenye upana wa futi 2 inakuachia futi 2 tu mbele ya TV, na hapo unapita na sinia la chai huku watoto wamekaa chini. Bado stuli nne.

Acha meza kubwa. Chukua stuli tatu zinazoingiana, ile ndogo chini ya ya kati, ya kati chini ya kubwa. Hizo ndizo ninazozipenda zikiwa sare, kwa sababu zikiwa zimepangana zinaonekana kitu kimoja. Wageni wakija unazitoa, wakiondoka unazirudisha kona. Na siku ya hitma au maulidi, mkeka unapotandikwa na viti vyote vinatolewa nje, utashukuru kuwa hakuna meza ya kubebwa na wanaume wanne.

Nakaa Raskazone. Nimependa meza ya marumaru na stuli za kioo. Watoto wangu wana miaka 3 na 6. Zinaendana?

Kwa sura, zinaendana vizuri. Jiwe zito katikati na kioo chepesi pembeni hupumzisha macho, na huhitaji sare hapo. Tuzungumzie matumizi.

Marumaru halisi ni ndugu wa jiwe la chokaa, kama lile la mapango yetu ya Amboni. Tindikali inaila. Tone la ndimu, juisi ya ukwaju au siki likikaa juu yake linaacha alama iliyofifia ambayo kitambaa hakiiondoi. Mpaka fundi aje kuling'arisha upya. Kwa nyumba inayonywa juisi ya ukwaju kila siku, fikiri. Nyingi zinazouzwa kwa jina la marumaru ni mchoro tu uliobandikwa juu, na hizo hazidhuriki kwa ndimu. Kuzijua, angalia ubavuni: kwenye jiwe halisi mishipa inaendelea mpaka ukingoni na kushuka, kwenye mchoro inakatika au inajirudia.

Kioo ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vinavyokata. Dai kile kilichochomwa kikawa kigumu, ambacho kikipasuka kinasambaratika kuwa punje ndogo zisizo na makali mengi. Kumbuka kioo hicho hakikatwi wala kutobolewa baada ya kuchomwa, kwa hiyo toa vipimo kamili kwanza. Kona ziwe za duara. Na kama miguu ni ya chuma, kwa kuwa mko karibu na bahari, hakikisha imepakwa rangi ya kuzuia kutu hadi sehemu za ndani na kwenye maungio ya kulehemu, maana kutu huanzia huko. Kwa mtoto wa miaka 3, mimi ningesubiri na stuli za kioo.

Na stendi ya TV je, lazima ilingane na meza?

Hapana. Iko upande mwingine wa chumba na kazi yake ni nyingine. Ikilingana sawa, isipolingana hakuna atakayeuliza.

Shikamoo. Nyumbani Pangani tuna kasha la zamani lenye misumari ya shaba. Nataka kulifanya meza ya katikati huku Tanga mjini, na stuli mbili mpya. Nitakuwa nimeliharibu?

Marahaba. Hutaliharibu, utalitoa stoo, na hilo peke yake limenifurahisha. Kasha lililojaa nakshi za shaba linatosha kuwa pambo la chumba kizima, kwa hiyo stuli ziwe za kimya: mbao iliyokolea, bila nakshi, bila misumari ya dhahabu ya kuiga. Ukijaribu kulitafutia wenzake wa kufanana utaishia na vitu vya bandia kando ya kitu cha kweli.

Pima kimo kwanza. Makasha mengi yana miguu au droo chini na huzidi kimo cha kukalia sofa. La kwako likipita inchi 20, liweke ubavuni au ukutani, na katikati utumie meza nyepesi. Usilipake vanishi mpya, na shaba usiisugue kwa dawa kali, maana dawa hulowa kwenye mbao kuzunguka kila msumari na kuacha weupe. Kitambaa laini kikavu, basi. Chini yake tandika zulia la mkonge ili kuliunganisha kasha na stuli, ila chai isimwagike hapo, kwani mkonge unashika doa hata la maji. Vikombe vikae juu ya mikeka midogo ya ukili. Na kwa kuwa mfuniko unafunguka kwa juu, ndani weka mashuka na vitu usivyovihitaji kila siku, usije ukalazimika kuondoa buli na vikombe vya wageni kila unapotafuta kitu.