Usiingie Mikumi kwa pikipiki jua likiwa limezama

Badilisha saa ya kuondoka kwanza, habari ya tairi itafuata. Umeandika kwamba utatoka Dar es Salaam jioni baada ya kazi, kwa pikipiki ya cc 150, ili upite Mikumi usiku wakati hakuna joto, ulale Iringa, kisha umalizie safari ya Mbeya kesho yake. Umeongeza kwamba kuna mzoefu mmoja aliyekuhakikishia kuwa wanyama wakisikia mlio wa injini hukimbia, na kwamba ukitaka usalama zaidi ujibanze nyuma ya basi likufungulie njia. Hayo ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na mkono wangu wa kushoto hadi leo hauwezi kufika rafu ya juu ya kabati.

Nikukumbushe unapita wapi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, kutoka upande wa Doma, kijiji kilicho kabla ya hifadhi ukitokea Morogoro, hadi karibu na mji wa Mikumi wenyewe. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na haina uzio wa kumzuia mnyama asikanyage lami. Mwendo unaoruhusiwa humo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Wengi wetu tunadhani vibao vile vimewekwa kwa ajili ya mabasi na malori tu, ilhali mwenye gari ana bati, mkanda na kioo kati yake na mnyama, na sisi tuna shati.

Mimi nilichelewa Morogoro kwa upuuzi wa kula na kupiga soga, nikapita Doma jua likiwa linagusa milima ya magharibi. Muda mfupi baada ya kuingia hifadhini basi moja likanipita, nami nikaukumbuka ushauri wa mzoefu wangu. Nikaongeza mwendo hadi 80, nikajibandika nyuma yake, nikajiona mjanja kuliko wote waliowahi kuiendea Iringa kwa magurudumu mawili. Mbele yangu niliona taa mbili nyekundu na maandishi yaliyosema Mungu ni mwema. Pembeni sikuona kitu, na kwa kuwa sikuona kitu niliamini hakuna kitu.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa maana hapa ndipo ushauri ule unapoua. Swala pala mmoja alikuwa ameshavuka mbele ya basi, na dereva wala hakugusa breki, kwa sababu mnyama alikuwa amepita na njia ilikuwa wazi. Wenzake walikuwa wamebaki upande wa kushoto, wamesimama kwenye majani yenye rangi ile ile ya migongo yao, wakisubiri lile dude lenye kelele lipite. Lilipopita, wakaruka kumfuata mwenzao. Swala hahesabu magari yanayokuja; anachoangalia ni kundi lake liko upande gani. Kwa hiyo ile nafasi iliyoko nyuma ya basi, ambayo mimi niliichukua kama ngao, ndiyo nafasi ambayo kundi zima lilikuwa likiisubiri ifunguke.

Nilichokiona kwanza ni tumbo jeupe, likiwa hewani, usawa wa usukani. Kichwa sikukiona kabisa. Mikono yangu ilifanya mambo mawili kwa mkupuo: ilikata usukani kwenda kulia na kuminya breki ya mbele kwa nguvu zote. Tairi la mbele lina uwezo wa kushika lami kwa kiasi fulani tu, na uwezo huo unaugawa kati ya kufunga breki na kukata kona. Ukidai vyote viwili kwa ukamilifu wakati mmoja, linaachia. Liliachia. Swala niliyekuwa nikimkwepa hakunigusa hata kwa ukwato, akaenda zake mzima. Mimi nililala kwa ubavu, nikateleza hadi upande wa magari yanayokuja, mtulinga ukavunjika, goti likachunika hadi kuonekana visivyopaswa kuonekana, na pikipiki ikaendelea peke yake kuelekea porini kana kwamba ndiyo iliyokuwa na miadi Iringa.

Basi halikusimama, na silaumu, maana sidhani kama kuna mtu ndani yake aliyejua kwamba kulikuwa na mjinga nyuma. Aliyeniokoa ni dereva wa lori aliyekuwa akitoka upande wa Mikumi taratibu, kwa mwendo ule ule wa 50 ambao mimi niliudharau. Alisimamisha lori mbele yangu kunikinga, akakata matawi na kuyapanga barabarani huku na huku. Utingo wake alikuwa na tochi, na nilipomwomba animulikie goti nione limekuwaje, alinijibu kwa upole kwamba tochi ile ilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa akimulika majanini, pande zote mbili, bila kupumzika. Ndipo nilipokumbuka kwamba swala si mnyama pekee wa hifadhi ile, na kwamba wapo wanaoishi kwa kumla yeye na yeyote anayechechemea.

Mniwie radhi wale mnaocheka, maana ofisini walicheka kabla yenu. Laiti ningeangushwa na nyati, ningeheshimiwa. Mtu ukisema umeangushwa na swala, unaulizwa kama ulimpata wa kitoweo. Nawajibu kwamba dume la swala pala hufikia kilo 60 na zaidi, huruka mita kadhaa kwa pigo moja, na mwenye kutaka kucheka aende akasimame mbele yake akiwa kwenye mwendo wa 80. Tena nashukuru hakufa, kwa kuwa anayeua mnyama hifadhini hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, na faini hizo hutajwa kwa dola. Bima yangu ilikuwa ile ndogo, ambayo hulipa hasara za mtu mwingine tu. Pikipiki, matibabu na miezi ya kukaa nyumbani mkono ukiwa umefungwa, vyote vilitoka mfukoni mwangu.

Na huyu mzoefu wangu? Nilipopata nafuu nilimtafuta, nikamuuliza amepita Mikumi usiku kwa pikipiki mara ngapi. Akazungukazunguka, akaeleza habari za barabara za zamani, mwishowe ikabainika kwamba miaka yote hiyo aliyokuwa akijisifia alipita pale akiwa utingo, juu ya lori lililobeba saruji. Mtu aliyekaa juu ya tani 30 anaweza kabisa kuamini kwamba wanyama humkimbia. Sikumpiga, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa bado kwenye hogo na ule mwingine siuamini. Lakini nakuomba umuulize na huyo wako swali hilo hilo, kabla hujampa heshima ya kukupangia safari.

Kuhusu mlio wa injini, wanyama wa kando ya barabara ile wamezaliwa wakiusikia, na hawaupi uzito wowote. Hata vile vifilimbi vya upepo vinavyouzwa mtandaoni, vya kufunga mbele ya chombo ili kufukuza wanyama, visikudanganye. Huko Marekani, ambako kulungu ni janga kubwa kwa waendesha pikipiki hasa majira ya kupandana ya mwezi Novemba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia waliwapigia kulungu sauti za aina mbalimbali kutoka kwenye gari linalotembea, na hazikuwafanya wakae mbali na barabara. Kama fedha inakuwasha, nunua koti lenye kinga za mabega.

Mwanga nao nitakufanyia hesabu. Ukiwa kwenye 80 unakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufikisha vidole kwenye breki imekula mita 33, kisha kusimama kwenyewe kunakula mita nyingine 40 hivi lami ikiwa kavu. Taa ya pikipiki ndogo, ukiwa umeishusha kumpisha anayekuja, haikuonyeshi vizuri hata mita 50. Maana yake unaendesha kuelekea mahali ambapo hujapaona na huwezi kusimama kabla ya kupafikia. Hapo ninazungumzia swala, ambaye angalau macho yake hurudisha mwanga. Tembo ana rangi ya usiku wenyewe, na macho yake yako juu kuliko inakofika taa yako. Utakachokiona ni miguu, nayo utadhani ni magogo.

Basi sheria yangu ni moja: hifadhi ile inapitwa na pikipiki jua likiwa juu, na si vinginevyo. Ondoka Dar alfajiri badala ya jioni. Saa nne asubuhi uwe umeshaiacha Morogoro, na mchana wa jua kali, ambapo swala wengi wamejikunyata kivulini, uwe katikati ya hifadhi na macho yako yanaona majani yote hadi mbali. Ukichelewa, lala Morogoro. Ukiwa umeshafika Doma na kivuli chako kimerefuka, tafuta pa kulala hapo hapo au rudi ulikotoka. Ukijikuta unapiga hesabu kama utawahi, hesabu hiyo imeshakushinda. Kilomita 50 kwa mwendo wa 50 ni saa moja, na kwa mwendo wa 80 ni dakika 38 hivi. Ninachokuzuia kukipata kwa kukimbia ni dakika 22, ambazo utazitumia kwa kunywa chai.

Hata mchana, liache basi liende, ubaki nyuma peke yako uone pande zote mbili. Akivuka mmoja, achia gesi na ungoje wa pili, kwa maana yupo. Akikutokea ghafla, usukani unyooke na breki zote mbili zifanye kazi. Kukwepa acha kwa wenye magurudumu manne, na hata wao huishia mitaroni. Wale nyani waliokaa kando ya lami hawakai pale kwa mapenzi ya magari, wanasubiri magunzi na maganda yanayotupwa na abiria wetu wastaarabu, kwa hiyo wapite polepole, na wewe usitupe kitu. Tembo wakiwa barabarani, simama mbali, geuza pikipiki itazame ulikotoka, usizime injini, na usubiri gari kubwa lije ndipo uamue.

Uliuliza pia habari za tairi, oili, na kama cc 150 itapanda mlima wa Kitonga, ulio kabla ya Iringa, na mzigo. Kitonga itapanda, kwa gia ndogo na kwa subira. Tairi na oili waulize wenye pikipiki. Yangu niliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakaipima kwa kilo.