Umeme wa sauti: anza na kisahani cha baza

Vijana wakija kibandani kwangu hapa Mikindani, baada ya shikamoo swali huwa moja: "Fundi, ni kweli muziki unaweza kuchaji simu?" Nimelihangaikia jambo hili kwa mikono yangu, basi nieleze nilichokiona.

Umeme wenyewe upo. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Kile kisahani cha shaba kilichomo ndani ya baza, kile kidude kinacholia kwenye saa ya mezani, hufanya vivyo hivyo. Unga waya mmoja kwenye shaba, mwingine kwenye weupe wa katikati. Kwenye weupe, ncha ya moto ya chuma cha kulehemu iguse na kuondoka! Cha kwanza nilikikawiza, utando wa fedha ukabanduka, kisahani kikafa.

Umeme huu huenda na kurudi, kwa hiyo chukua taa mbili nyekundu za LED, uzifunge kwenye nyaya hizo mbili zikielekeana kinyume. Nyekundu zinatosheka na volti mbili hivi; nyeupe zinataka kama tatu. Gonga kisahani kwa kucha, gizani, utaziona zikimweka.

Msimu wa unyago nilimwomba mpiga ngoma mmoja anipe nafasi, nikakibandika kisahani pembeni mwa ngozi. Kila kofi, taa zikawaka. Kisha nikakibandua nikakishika hewani, shubiri moja tu juu ya ngoma ile ile. Hakikumulika hata mara moja.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Sauti ikishaingia hewani huwa hafifu mno. Kelele ya desibeli 100, ya kukutaka uzibe masikio, hubeba wati 0.01 kwa mita nzima ya mraba. Kisahani cha milimita 27, hata kingeinyonya yote, kingepata mikrowati 6 hivi, yaani sehemu sita za milioni za wati moja. Chaja ndogo ya simu hutoa wati 5, yaani zaidi ya mara laki nane. Kwa hiyo anayekuuzia kifaa cha kuchaji simu kwa kelele usimpe hela yako. Nunua paneli ya sola, jua la huku tunalo.

Kisahani kibandike kwenye kitu kinachotikisika chenyewe: mwili wa mashine ya kusaga, au bati mvua inapopiga. Gundi iwe ngumu, maana ile laini hulimeza tikisiko kabla halijafika.