Kabla hujapitisha draiva ya sensa, uliza 85 imetoka wapi

"Kaka shikamoo. Niko Lindi, nimeanza kukagua msimbo wa wenzangu, draiva za sensa. Niangalie nini?"

Ujumbe huu uliniingia juzi usiku. Sensa anayoisema ni kipande kinachopima kitu, kama joto; draiva ni msimbo, yaani maelekezo ya programu, unaoisoma. Umenirudisha Feri, hapa Mtwara, mahali ambapo bado napita kwa haraka.

Tulimfungia mama mmoja muuza samaki sensa ya joto, DS18B20, kwenye friza. Kifaa ni cha betri, kwa hiyo kinaiwasha sensa, kinasoma, kinaizima. Mwenzangu akaleta mabadiliko, mistari michache tu. Muda wa kusubiri kipimo ameushusha kutoka milisekunde 750 hadi 94, betri idumu. Na kwa kuwa draiva ilianza kutoa nyuzi 85, akaongeza: ikija 85, rudisha namba nzuri ya mwisho. Maelezo yake yalinyooka. Nikajaribu mezani kwangu Shangani, sensa imeungwa kwenye umeme muda wote, namba zikatoka safi. Nikapitisha.

Siku ya tatu mama akapiga simu. "Mwanangu, kifaa chako kinasema kumi na sita chini ya sifuri. Mbona maji yanachuruzika mlangoni?"

Nilikuta samaki aina ya changu wamelegea, macho yamedidimia. Ukibonyeza nyama, alama ya kidole inabaki. Swichi ya umeme ilikuwa imejikata. Kioo cha kifaa: -16.

Ile 85 haikuwa takataka ya kufagia. Ndiyo namba ambayo sensa hiyo huamka nayo kabla haijapima chochote. Na milisekunde 94 ni sahihi kabisa, ila kwa kipimo cha biti 9 (biti zikizidi, kipimo kina hatua ndogo zaidi na kinachukua muda mrefu). Hakuna aliyeiambia sensa itumie biti 9. Yenyewe huamka na biti 12, na hizo zinataka hadi 750. Kule Feri ilisomwa kabla haijamaliza kupima, ikatoa 85 kila mara, na msimbo ukairudisha -16 iliyohifadhiwa tangu toleo la zamani. Mezani kwangu haikuzimwa hata mara moja, ikawa inanipa kipimo cha mzunguko uliopita, nami nikakiona kizuri.

Samaki tuliwalipa. Mama ananiitikia salamu, lakini kifaa alikataa kisirudi, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko fedha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fungua kijitabu cha sensa, kile cha maelezo ya mtengenezaji. Usikague draiva kwa kusoma msimbo peke yake, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani. Kila namba iliyobadilishwa iwe na mstari wake kwenye kijitabu, na usome mstari mzima, pamoja na masharti yake. Jaribu kwa umeme ule ule utakaotumika kazini: kama ni betri, betri. Ukiona msimbo unaoficha namba ya ajabu, usipitishe mpaka mwenye msimbo akueleze imetoka wapi. Kisha fungua kijitabu tena.

Najua unachokitaka, kwa sababu ndicho tunachokitaka wote huku kusini: vifaa vyetu vifungwe kwenye maghala ya korosho kuanzia Masasi hadi Nachingwea. Basi mkulima akisoma namba yako, iwe imepimwa kweli. Draiva yangu sasa ikishindwa kupima inasema imeshindwa, na kifaa kinatuma ujumbe.

Nitumie mabadiliko ya kwanza utakayokagua. Pembeni ya kila namba, andika ukurasa ilikotoka.