Barua kwa mwanangu: picha ya angani na uzio wa jirani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na ile picha uliyoinasa kwenye kompyuta. Unasema mstari wa mpaka unapita ng'ambo ya uzio wa jirani, na ukipima kwa kipanya unaona uzio umeingia bustanini kwako mita moja na ushee. Unaniuliza kama huo si ushahidi wa kutosha wa kumwambia auhamishe. Hautoshi. Ila picha usiifute, ina kazi yake na nitaifikia.

Tuanze na huo mstari wa manjano uliokutia hasira. Kamera haikuuona, kwa sababu ardhini haupo. Umetoka kwenye ramani, na ramani nyingi za viwanja zilichorwa kwa mkono kwenye karatasi kabla hazijaingizwa kwenye kompyuta. Unajua nilivyokaa miaka na miaka kwenye meza ya kuchora ramani. Unene wa kalamu naufahamu. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,500, mstari wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za ardhi. Wino peke yake umeshaimeza hiyo mita unayotaka kuigombea. Hapo bado karatasi iliyotanuka au kusinyaa kwa unyevu, bado mkono wa yule aliyeufuatisha mstari kwenye kompyuta, na bado ramani yenyewe haijatandazwa juu ya picha iliyopigwa na watu wengine kabisa kwa shughuli zao nyingine. Kuna nchi ambazo ramani ya usajili haidai hata kuonyesha mpaka kamili. Uingereza ni mojawapo: ule mstari mwekundu kwenye ramani ya kiwanja kwa kawaida ni wa mpaka wa jumla tu, hauamui kama mpaka unapita upande huu wa ua au upande ule.

Picha nayo ina mambo yake. Umeniandikia kwamba ni kali mno, mpaka mbao za kibaraza zinahesabika. Nakubali. Setelaiti ya WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, hutoa picha ambazo pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni kama sentimita 31 za ardhi, na ndege inayoruka chini huona vidogo kuliko hivyo. Lakini kukiona kitu vizuri ni jambo moja, na kujua kiko mahali gani hasa ni jambo jingine. Picha inaweza kuwa kali kama wembe na bado ikawa imekaa pembeni kwa mita mbili tatu.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, washa picha za miaka ya nyuma, kisha tafuta kitu kilicholala chini ambacho una hakika hakijasogezwa, kama kona ya sakafu ya zege au mfuniko wa shimo la maji taka. Chomeka pini juu ya kona hiyo, halafu rudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Pini itabaki pale pale na sakafu itakuwa inahama: mara imesogea kushoto, mara imepanda juu kidogo. Sakafu haina miguu, ni picha ndizo zimetandazwa tofauti. Andika umbali kati ya pini na kona kwenye kila picha. Ukikuta zimeachana mita mbili, jirani utamshtaki vipi kwa mita moja?

Halafu vitu virefu kwenye picha hulala. Ni nadra kamera kuwa juu kabisa ya kichwa chako. Ikiwa imeinama nyuzi 20, kilele cha ukuta wa mita 2 kitaonekana kimesogea kama sentimita 70 kutoka kwenye msingi wake, na mti wa mita 10 utalala zaidi ya mita 3 na nusu. Picha hunyooshwa kabla ya kuuzwa, ni kweli, lakini kinachonyooshwa kwa kawaida ni milima na mabonde. Uzio wa mtu hauhesabiwi. Ukipima ua wa miti ndiyo kabisa, maana unapima ncha za majani na mpaka uko kwenye mashina.

Na sasa itazame tena picha yako. Ule mstari mweusi mnene uliouita uzio, mimi naona ni kivuli chake. Angalia nyumba na mti ulio kando: vivuli vyao vyote vimeangukia upande wako. Kuza picha, utaona kijistari chembamba cha kijivu pembeni mwa huo weusi. Uzio ni huo mwembamba. Nusu ya kesi yako ni jua la asubuhi.

Kutafuta mpaka kwa simu usihangaike nako. Mahali peupe inakosea kama mita 5, na karibu na kuta na miti inazidi hapo.

Sasa kazi ya picha. Picha ya angani ni shahidi mbovu ukimuuliza wapi, lakini ukimuuliza lini, anakujibu vizuri. Zipitie zote utafute mwaka ambao uzio unaonekana kwa mara ya kwanza, na kabla yake palikuwa na nini. Kisha kwenye kila picha pima kutoka chini ya ukuta wa nyuma wa nyumba hadi chini ya uzio. Vyote viwili viko kwenye picha moja, kwa hiyo picha ikisogea vinasogea pamoja, na nafasi kati yao inabaki ya kuaminika zaidi. Nafasi hiyo ikiwa haibadiliki miaka yote, uzio haujahamishwa, na maneno ya kwamba jirani anakula ardhi kidogo kidogo yaishe. Ikiwa imepungua, na upungufu huo unaonekana kwenye picha kadhaa mfululizo, hapo una swali halali la kuuliza. Mwaka ulioandikwa chini kando ya alama ya hakimiliki usiufuate, huo si lazima uwe mwaka wa kupigwa picha. Tafuta tarehe ya picha yenyewe. Na kama unataka kurudi nyuma zaidi ya enzi za setelaiti, idara za ramani za nchi nyingi zina picha zilizopigwa kwa ndege miongo mingi iliyopita, na nakala huombwa.

Nakusisitizia tarehe kwa sababu sheria za nchi nyingi huupa uzito mpaka ambao majirani wameishi nao muda mrefu bila kupingana. Miaka ni mingapi, na kwa masharti gani, hutofautiana. Muulize mwanasheria wa huko uliko kabla hujafungua mdomo. Yawezekana uzio huo ulikuwapo kabla yako na kabla ya jirani yako pia.

Jibu la wapi liko kwenye ramani ya upimaji na bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa kwenye kona za kiwanja. Omba nakala ya ramani hiyo. Ikiwa viwanja vyenu vilipimwa rasmi, utakuta umbali kati ya kona na kona umeandikwa kwa tarakimu. Fuata tarakimu, usipime mchoro kwa rula. Bikoni huenda zimefukiwa na udongo wa bustani. Ukiipata moja usiitikise wala kuisogeza, kwani sehemu nyingi hilo ni kosa la jinai. Zikionekana mbili, tepu itakueleza mengi. Zisipoonekana, ni kazi ya mpima ardhi; kipokezi chake cha mawimbi ya setelaiti kinakosea kwa sentimita chache tu.

Kwa jirani, hiyo picha usimtumie kwenye simu. Mtu akiletewa mstari wa manjano juu ya nyumba yake anaona ameshashtakiwa. Mwambie unatafuta bikoni ya kona na ungependa muitafute pamoja. Mkihitaji mpimaji, kubalianeni mmoja na mchangiane gharama, kabla hajaja na si baada ya kusikia matokeo. Droni ya rafiki yako iache nyumbani. Kurusha kamera juu ya uwanja wa mtu bila kumwambia ni ugomvi mwingine, na bila alama zilizopimwa ardhini picha zake zitakuwa na kasoro ile ile.

Nakala ya ramani ukiipata, itandaze mezani, uipige picha kwa juu moja kwa moja, tarakimu zote zisomeke, kisha nitumie. Nitakuandikia ni kona ipi ya kuanzia kuchimbua.

Mama yako