DVD ya harusi: anza na ImgBurn

Ndugu, kama unataka programu ya bure ya kutoa kopi ya DVD ya harusi ya wazazi kabla haijakufa, mi nakwambia chukua ImgBurn. Ni ya zamani, toleo la mwisho 2.5.8.0 la 2013, lakini kwenye Windows inapiga kazi vizuri tu, ila wakati wa kuinstoo soma kila ukurasa usibonyeze Next Next, maana zipo instola zinazokuja na vitu vya ajabu ndani.

Kwanza toa ISO (faili moja lenye kila kitu kilichomo kwenye DVD) uiweke kwenye hadi diski, ndo uchome diski mpya, spidi weka 4x au 8x na tiki Verify (inakagua kama kopi imetoka sawa), mi ya mamangu niliichoma haraka haraka bila kuverifai, ikaja kukwama pale pale anapolishwa keki, iliniuma sana aisee.

Halafu DVD ya kawaida ni GB 4.7, ikizidi hapo tafuta ya GB 8.5. HandBrake nayo nzuri na bure kabisa, ila haichomi diski, inakupa faili la video la MP4 la kuweka kwenye simu. Kwa Linux, kuchoma diski tumia K3b.